Msanii wetu anaposti paka kuliko nyimbo, na mimi niko upande wake

Mwangaluka kwa mnaosoma asubuhi mkisubiri abiria, mwadila kwa mnaosoma jioni bando la siku likiwa linaishia. Kahama, Katoro, Geita mjini, Maganzo, Shinyanga, na nyie mliokimbilia Dar mkajifanya mmezaliwa Kinondoni, wote nawaona.

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo naongelea msanii mmoja wa huku kwetu. Jina simtaji, mnajua utaratibu wa hapa. Sio staa wa kuitwa kwenye tuzo kubwa, ila panda bodaboda kutoka Katoro kwenda Buseresere uone kama utafika bila kusikia wimbo wake. Anaimba Kiswahili, pale penye utamu anachomekea Kisukuma. Wachimbaji wakitoka kwenye maduara na vumbi lao ndio wanaomwimba kwa sauti.

Sasa ingia kwenye ukurasa wake. Utatafuta nyimbo mpaka uchoke.

Kuna paka. Paka wa rangi ya chungwa, kifua cheupe, sikio moja limekatika kidogo. Anaitwa Mpole. Wasiojua wanadhani ni kwa sababu ametulia. Hapana. Ni heshima kwa George Mpole, yule mshambuliaji wa Geita Gold aliyemaliza msimu wa 2021/22 na mabao 17 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu, akimwacha Mayele wa Yanga na 16. Timu ilishashuka daraja mwaka 2024, Mpole mwenyewe alishaondoka zamani, ila paka yupo. Kila akikamata panya, msanii anaandika: "Goli."

Kuna filamu za Kihindi. Anakata kipande cha filamu ya zamani, anazima sauti, anaweka ya kwake kwa Kisukuma. Baba mkwe wa Mumbai mwenye suti nyeupe anadai ng'ombe thelathini, na kijana analia anasema ng'ombe wote walikufa kwa ukame. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama naumwa.

Kuna mieleka ya Wamarekani. Kuna tamthilia za Kituruki, anaomba watu wasimwambie mwisho, na watu wanamwambia. Kuna mbayuwayu aliyejenga kiota juu ya mlango wa studio, wakakaa wiki nzima wanaingilia mlango wa nyuma. Kuna ng'ombe wa mjomba wake, na anawajua kwa majina. Wimbo mpya unakuja mara moja kwa miezi miwili hivi, halafu siku inayofuata ni paka tena.

Na chini yake mashabiki: "Kaka toa ngoma, achana na mapaka." "Menejimenti iko wapi?" "Huyu ndio maana hatoboi."

Mimi napinga. Na nina sababu zangu, ya mwisho sio ya kuchekesha.

ANAVYOVIPENDA NDIO HABARI

Fungua kurasa 10 za mastaa wa mjini sasa hivi. Utakutana na bango la shoo, tangazo la kubeti, picha ameegemea gari, dua ya Ijumaa, bango la shoo, kiki ya kuachana, tangazo la kubeti. Ukimaliza hujui hata mtu huyu anakula nini. Nyingine sio yeye anayeposti, ni kijana kaajiriwa kuposti. Unamfuatilia mtu miaka mitano, na hujawahi kukutana naye hata dakika moja.

Huyu wetu ukimfuatilia wiki moja unamjua. Unajua anaogopa ng'ombe dume mmoja anaitwa Dereva. Unajua alikulia kwenye kibanda umiza, maana anakumbuka filamu kwa sauti za watafsiri wetu kuliko za waigizaji wenyewe. Hiyo ni habari ya maisha yetu sote. Nani huku hakulipa shilingi mia akaketi kwenye benchi la mbao, jenereta likiunguruma nje, akisubiri Mhindi alipize kisasi cha baba yake?

Na msiniambie hayo mapenzi hayana maana kwenye sanaa. Mbosso anajiita Khan. Jina hilo kila aliyekulia kibanda umiza analijua, halihitaji maelezo. Halafu kuna Kili Paul, Mmaasai wa mkoa wa Pwani, na dada yake Neema. Mwaka 2021 walijirekodi kijijini na mashuka yao wakiigiza kuimba wimbo wa filamu ya Kihindi, Shershaah. Hakuna studio, hakuna gari la kukodi, nyuma yao ni nyumba na mifugo. Februari 2022 ubalozi wa India hapa nchini ukamwalika na kumpa heshima, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao kwenye kipindi chake cha redio. Waziri Mkuu wa nchi ya watu zaidi ya bilioni! Kwa ajili ya kitu ambacho hapa tungesema "kijana anapoteza muda".

Kwa hiyo msanii akikuonyesha anachokipenda, usimwambie arudi kazini. Hiyo ni sehemu ya kazi, na pengine ndio sehemu ambayo hawezi kuidanganya.

WANYAMA SIO JAMBO GENI KWETU

Kingine kinachonishangaza ni hiki. Diamond anajiita Simba, Harmonize ni Tembo, Rayvanny ni Chui. Mbuga nzima iko Dar, na hakuna anayeshtuka. Mtu amevaa mnyama kama jina, tunapiga makofi. Wa kwetu anashika mnyama wa kweli, mwenye manyoya, anaitwa mshamba.

Halafu sisi ndio wa kusema hivyo? Wasukuma?

Kwa wasiojua, ngoma zetu tangu zamani zina makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, pamba ikiwa imetoka na watu wana nafasi, makundi yanakutana uwanja mmoja na kucheza muda mmoja. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watu ndio wanaoamua kwa miguu yao: kundi lenye umati mkubwa ndio mshindi. Ukiona watu wanakukimbia kwenda upande wa pili, ujue umekwisha. Nikiwaelezea wenzangu wa mjini nawaambia babu zangu walikuwa wanahesabu watazamaji kabla TikTok haijazaliwa.

Na umati ulivutwa kwa nini? Kwa mavazi, kwa wimbo wa kumpiga vijembe mpinzani, kwa viinimacho, na kwa wanyama. Bayeye, chama cha wajuzi wa nyoka, wanacheza na chatu begani, na haohao ndio waliokuwa wanajua dawa ya kuumwa na nyoka. Banunguli ni wawindaji wa nungunungu, na wao wana ngoma yao. Nenda Bujora pale Kisesa, Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, au nenda mwezi wa 6 wakati wa sikukuu ya Bulabo. Utaona kijana anambusu chatu na bibi wa miaka 70 anapiga vigelegele.

Siwadanganyi kwamba hakukuwa na dawa. Ilikuwepo, na hawakuificha. Kundi lilikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, kama leo wengine wanavyonunua laiki. Ninachosema ni kwamba mchezaji akiingia uwanjani na nyoka, umati ulisogea karibu kutazama. Hakuna aliyeuliza anaishi wapi ili wamfuate usiku.

Shikeni hilo neno "anaishi wapi". Nalirudia sasa hivi.

BUNDI

Mwezi uliopita msanii wetu aliposti bundi. Video ya sekunde 40. Bundi mweupe usoni amekaa juu ya tenki la maji nyuma ya studio, usiku, anageuza shingo kama feni. Msanii ananong'ona kwa nyuma, ana furaha kama mtoto: "Mcheki, mcheki, hata haogopi." Akaandika kwamba tangu huyo mgeni ahamie pale panya wamepungua, na Mpole sasa hana kazi.

Ni kweli kabisa, bundi anakula panya, tena wengi. Ukiwa na gunia za mahindi stoo, bundi ni mlinzi asiyelipwa.

Ila mnajua kilichotokea. Saa moja ya kwanza watu walicheka. "Bundi kaja kukuchukua." "Andika wosia kaka." Sawa, utani wetu huo. Halafu ukageuka. "Ndio maana ana paka." "Mbona nyota yake imewaka ghafla?" "Freemason wa Katoro." Mmoja akakumbusha kwamba kuna mtoto wa jirani yake aliugua mwaka jana. Sijui alijuaje. Mwingine akaandika kwamba wenye duara lililo jirani wamekosa dhahabu tangu huyu apange pale.

Halafu mtu mmoja, picha ya wasifu ni ua, akauliza: "Huyu anaishi mtaa gani?"

Na mtu mwingine akajibu. Akataja mtaa. Akataja rangi ya geti.

Laiki 200 na kitu.

Wa Dar wakisoma hapa watasema ni komenti tu, watu wana bando la kumaliza. Huko kwenu labda. Huku hilo neno lina historia, na wote tunaijua hata kama hatupendi kuiongelea. Ni ukanda huuhuu ambako ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa sababu mtu aliambiwa na mganga kwamba kiungo chao kitaleta dhahabu au samaki. Ilifikia Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akafuta leseni za waganga wa jadi nchi nzima, na mwaka 2015 serikali ikatangaza tena kupiga marufuku waganga wa kupiga ramli. Ni ukanda huuhuu ambako bibi zetu wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Mwanzoni mwa 2025 kule Itilima, Simiyu, baadhi ya fisi waliouawa walikutwa na alama mwilini, na mazungumzo yakahama haraka kutoka kwa fisi kwenda kwa watu: ni wa nani hawa?

Huku mnyama haishii kuwa mnyama. Akipita tu, anatafutwa mwenyewe.

BIBI

Hii sehemu nimeiandika na kuifuta mara kadhaa. Leo naiacha.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaishi kijijini Kishapu. Macho yake ni mekundu. Yamekuwa mekundu tangu namfahamu. Kule miti ni shida, na mtu aliyepikia mashina ya pamba na kinyesi cha ng'ombe miaka 50 kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa rangi gani? Hiyo haihitaji mganga kuielewa.

Alikuwa na paka watatu, kwa sababu ya panya wa ghalani. Watoto wa jirani walikuwa wanakuja kuwaona wakizaa. Halafu watoto wakaacha kuja. Halafu wanawake wakaacha kumwita kwenye kupukuchua mahindi. Kulikuwa na ndama wawili wamekufa kwa jirani, na mtu alikuwa amekwenda kuuliza mahali. Bibi hakuambiwa kitu. Hivi vitu huwa huambiwi, unaanza tu kuona njia zinakuwa na watu wachache ukipita.

Asubuhi moja akafungua mlango akakuta paka mmoja amelazwa kizingitini, amekatwa shingo.

Mjomba alipata simu saa 1. Saa 5 pikipiki ilikuwa imefika kumchukua. Akaja Kahama na kanga zake, sufuria moja na picha ya babu. Nyumba ipo mpaka leo, hakuna anayekaa.

Sasa anakaa na sisi, na mchana anakuja kukaa na mimi hapa kwenye banda langu la kuchaji simu. Hajui kusoma. Instagram anaiita "ile ya yule kijana". Kila siku saa 9 hivi ananiambia, "Mjukuu wangu, hebu tumtazame yule kijana." Filamu za Kihindi za Kisukuma anazirudia mpaka bando langu linalia. Ng'ombe anawahakiki kama yuko mnadani: huyu mzuri, huyu mgonjwa, huyu mwambie asimuuze. Na kabla ya yote anauliza swali moja: "Mpole kala?"

Nikimuonyesha Mpole na bakuli lake anatulia. Hajawahi kuniambia kwa nini anauliza, na mimi sijawahi kumuuliza.

Ile ya bundi tuliitazama pamoja. Alicheka. Akasema, "Huyo amepata mlinzi." Komenti sikumsomea.

KILICHOTOKEA BAADA YA HAPO

Usiku ule video ilifutwa. Siku tatu ukurasa kimya. Halafu likaja bango la shoo. Halafu tangazo la kubeti. Halafu picha ameegemea gari, na sio gari lake, wote tunalijua ni la nani. Mpole hajaonekana tena. Filamu za Kihindi hakuna. Kiota cha mbayuwayu sijui kimefikia wapi. Niliposikia kwa watu wake wa karibu, amehama ile nyumba yenye lile geti.

Na mashabiki wamefurahi! "Sasa umekuwa serious kaka." "Hii ndio branding." Jamani. Mtu kafungwa mdomo halafu mnampongeza kwa ukimya.

Hiki ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo. Tunapolalamika kwamba wasanii wetu wote wanafanana, kurasa zao zinafanana, hawana kitu cha ndani cha kutuonyesha, tuangalie na tunachowafanya wakituonyesha. Aliyeposti ng'ombe aliitwa mshamba. Aliyeigiza Kihindi aliambiwa anapoteza muda, na hata Kili Paul, na mamilioni yake ya wafuasi, mwaka huohuo wa 2022 alisema kwenye ukurasa wake kwamba amevamiwa na watu wakamjeruhi kwa kisu na fimbo. Aliyeposti bundi alitajiwa mtaa. Mtu mwenye akili atajifunza haraka: usionyeshe unachokipenda, onyesha gari.

Sisemi msiwatanie. Utani ni wetu, bila utani kanda ya ziwa tungekufa kwa jua. Mwambie paka wake amenenepa kuliko yeye. Mwambie Kisukuma chake cha Kihindi kina lafudhi ya Bariadi. Ila kuna neno moja ukiliandika huku unakuwa umetoka kwenye utani, na huwezi kujua nani analisoma. Wewe umelala Sinza unacheka. Anayelisoma anaweza kuwa yuko mtaa wa pili kutoka kwenye hilo geti, duara lake halijatoa kitu miezi minne, ana deni la karasha, na anatafuta mtu wa kumlaumu.

Na aliyetaja mtaa, kama unasoma hapa: video ilifutwa, ila jibu lako watu walishalipiga picha. Linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka leo. Waombe walifute, moja baada ya jingine. Anza leo.

Nyie wengine nina kazi ndogo kwenu. Nendeni kwenye ukurasa wake, mnaujua. Chini ya lile tangazo la mwisho msiandike "moto" wala "jeshi". Muulizeni vitu vyake. Muulizeni Dereva bado anamkimbiza? Muulizeni yule kijana wa Mumbai alipata ng'ombe wangapi mwishowe? Mwambieni kiota cha mbayuwayu tunakisubiri. Ajue kwamba waliokuwa wanatazama kwa furaha walikuwa wengi kuliko waliokuwa wanatafuta geti, ila walikaa kimya.

Mimi nimeshaweka ya kwangu jana usiku. Nimeandika maneno mawili tu na nikasema yametoka kwa nani:

"Mpole kala? Bibi anauliza."